Nozeli ya Dizeli: Ilikotoka, na Kwa Nini Leo Inaweza Kula Mtaji Wako



Kwa kawaida hapa tunazungumza mbegu, mbolea, dawa na bei za sokoni. Leo nataka tuzungumzie kitu kinachobeba vyote hivyo, yaani gari la dizeli, na hasa kifaa kimoja kidogo ndani yake. Mafundi wetu wengi hukiita nozeli, wengine injekta. Kinaenea mkononi, lakini kikiharibika kinaweza kukurudisha nyuma msimu mzima.

Nitaanza na deni langu. Katika kata ninayoihudumia yuko mama mmoja anayenunua nyanya na vitunguu mashambani na kupeleka mjini. Alikuwa na pikapu ya zamani, yenye kelele na moshi, lakini inatembea. Alipotaka kuibadilisha aliniuliza. Nikamwambia, tafuta zile za kisasa za dizeli, zinakula mafuta kidogo. Akanisikiliza. Mwaka wa kwanza alinishukuru. Mwaka wa pili gari lilianza kusumbua kuwaka asubuhi, kisha likapoteza nguvu mlimani likiwa na mzigo. Gereji moja ya mjini ikamwambia nozeli zote nne zimekufa. Akauza mahindi aliyokuwa ameyahifadhi akisubiri bei ipande, akanunua nozeli nne zilizotumika. Hazikumaliza miezi miwili.

Alikuja ofisini kwangu, hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana shamba, uliniambia gari hili linakula mafuta kidogo. Hukuniambia linakula mtaji."

Alikuwa na haki. Nilimshauri juu ya gari bila kujua limetoka wapi. Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza mafundi wa pampu, na nimegundua kwamba ukiifahamu historia ya nozeli utajua pia namna ya kuitunza, na lini ukubali au ukatae bei ya fundi. Basi twende pamoja tangu mwanzo.

Injini iliyokuja kupunguza gharama

Mwishoni mwa karne ya 19, viwanda vya Ulaya viliendeshwa kwa mvuke. Injini ya mvuke ilikuwa mlafi: sehemu kubwa ya joto la makaa ya mawe ilipotea bila kufanya kazi. Mhandisi Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858 na wazazi Wajerumani, alitaka injini itakayotoa kazi nyingi kwa mafuta machache. Mwaka 1892 aliomba hataza ya wazo lake Ujerumani.

Wazo lenyewe ni hili. Ukiibana hewa kwa nguvu nyingi, inapata joto. Umeliona hili ukijaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono: pampu inakuwa ya moto. Ukiibana zaidi na zaidi, joto linafika kiwango cha kuwasha mafuta bila cheche yoyote. Ndiyo maana injini ya dizeli haina plagi za cheche kama injini ya petroli.

Lakini hapo hapo tatizo likazaliwa. Mafuta yanaingiaje mahali ambapo hewa imekwisha kubanwa kiasi hicho? Lazima yasukumwe kwa nguvu kuishinda hewa hiyo, tena yaingie kama ukungu, kwa kipimo sahihi na kwa wakati sahihi. Kazi hiyo ndiyo kazi ya nozeli. Haijabadilika mpaka leo.

Agosti 1893, katika kiwanda cha mashine mjini Augsburg, jaribio la kwanza lilipasua kipimo cha presha na nusura liwadhuru waliokuwa karibu. Ilichukua mpaka 1897 injini ikubali. Ilikuwa na nguvu ya farasi takribani 20, na ilipopimwa iligeuza kama robo ya joto la mafuta kuwa kazi, zaidi ya mara mbili ya injini za mvuke za kawaida za wakati ule. Na hili litakufurahisha wewe mkulima: katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini mojawapo ya aina hii iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Diesel alitumia hewa yenye presha kupuliza mafuta ndani. Kwa hiyo kila injini ilihitaji mtambo wa pembeni wa kubana hewa, mzito na ghali. Ilifaa viwandani na baadaye kwenye meli, haikufaa barabarani. Diesel mwenyewe alitoweka usiku akiwa melini kuelekea Uingereza, Septemba 1913, kabla hajaona lori la kawaida likiendeshwa kwa injini yenye jina lake.

Stuttgart, 1927

Aliyeileta dizeli barabarani kwa wingi ni mtengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari, Robert Bosch wa Stuttgart. Mwaka 1922 aliamua kampuni yake itengeneze pampu ya kusukuma dizeli yenyewe, bila hewa. Mwaka 1927 pampu hizo zikaanza kutoka kiwandani kwa wingi, zikafungwa kwenye malori. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ikaonyesha 260 D, moja ya magari madogo ya kwanza ya dizeli kuuzwa kwa watu wa kawaida.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Kwa sababu ya usahihi. Sindano iliyo ndani ya nozeli inateleza ndani ya tundu lake ikiwa imeachiwa nafasi ya milimita 0.002 hadi 0.004 tu. Unywele wako una unene wa kama milimita 0.07. Maana yake nafasi ile ni ndogo kuliko unywele kwa zaidi ya mara kumi na tano. Nafasi ikizidi, mafuta yanavuja. Ikipungua, sindano inakwama. Na kinacholainisha sindano hiyo isisagike si oili. Ni dizeli yenyewe inayopita. Shika neno hilo, tutalirudia.

Kwa nini fundi wa kijijini aliiweza

Mfumo ule wa pampu na nozeli za chuma tupu ndio uliotufikia sisi. Tazama mashine ya kusaga ya kijijini. Nyingi ni za mtindo wa Lister, injini ya Kiingereza ya mji wa Dursley iliyotoka karibu mwaka 1930, ambayo baadaye viwanda vya Rajkot, India, vilianza kuinakili. Inazunguka polepole, inapiga tu-tu-tu, na inadumu vizazi. Ndivyo zilivyokuwa pia Land Rover, malori na pikapu za Toyota za zamani. Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, iliyoanza 1990, nayo ina pampu ya aina hiyo.

Nozeli ya injini hizi hufunguka kwa presha ya baa kama 100 hadi 250. Baa moja ni karibu sawa na presha ya hewa inayotuzunguka, na tairi la pikapu hujazwa baa 2 au 3. Kwa hiyo presha hiyo ni kubwa, lakini fundi anaimudu. Anafungua nozeli, anaisafisha, anabadilisha ncha yake tu, anaipima kwa pampu ya mkono na kuona inavyopuliza. Ikitema matone badala ya ukungu, ni mbovu. Gharama inavumilika. Ndiyo maana baba zetu walizoea kusema dizeli haifi.

Walikuwa sahihi, kwa injini zile. Kosa letu ni kubeba msemo huo na kuubandika kwenye injini nyingine.

Zama mpya: reli ya presha

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani, na watu wa Ulaya wakaanza kutaka magari madogo yanayobana matumizi. Volkswagen ikatoa Golf ya dizeli mwaka 1976. Kisha zikaja sheria kali za moshi. Watengenezaji wakatakiwa kupunguza mafuta na moshi kwa pamoja, na njia mojawapo ni kuyapasua mafuta yawe ukungu mwembamba zaidi. Hapo presha ikapanda.

Jibu lilikuwa mfumo ambao mafundi wanauita komoni reli. Pampu inajaza dizeli kwenye bomba nene moja, yaani reli, na presha inakaa humo muda wote. Kila nozeli inachota kutoka humo, na inafunguliwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta, pengine mara kadhaa katika pigo moja la injini. Kampuni ya Denso ya Japani iliuweka kwenye lori la Hino mwaka 1995. Kwa magari madogo, wahandisi wa Fiat nchini Italia waliuandaa, Bosch ikaumalizia, na mwaka 1997 ukatoka ndani ya Alfa Romeo 156. Presha yake ilifika baa 1,350. Injini zilizofuata zimepita baa 2,000. Pikapu nyingi za dizeli za miaka ya 2000 na kuendelea, zikiwemo zile zenye maandishi ya D-4D, zina mfumo wa aina hii.

Faida ni ya kweli, sikukudanganya mama yule kwa hilo. Mafuta yalipungua, kelele ikapungua, nguvu ikaongezeka. Lakini akiba ile ina masharti. Kwa presha hiyo, chembe ya vumbi usiyoweza kuiona kwa macho inakwangua chuma kama msasa. Tone la maji linaleta kutu mahali pasipostahimili kutu. Lister ingekohoa kidogo na kuendelea. Nozeli ya baa 1,350 haisamehi.

Dizeli nayo ina historia yake

Wakati injini inabadilika, mafuta nayo yalibadilika. Mwaka 1991 Sweden ilianza kuipunguzia kodi dizeli yenye salfa kidogo sana, ili kusafisha hewa. Hewa ilifaidika, lakini pampu za magari zikaanza kufa. Ikagundulika kwamba ule usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia vitu vya asili vinavyoifanya dizeli ilainishe vyuma. Tangu hapo viwanda vikawekewa vipimo vya ulainishaji, na dizeli safi huongezewa dawa ya kulainisha kabla ya kuuzwa.

Kwetu, nchi tano za Afrika Mashariki, yaani Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Kwa hiyo dizeli ya kituo kinachofuata kanuni inazifaa injini hizi kuliko ile ya zamani. Tatizo letu kubwa liko njiani, kati ya bohari na tenki lako.

Unalikumbuka neno kuchakachua. Lilivuma sana Tanzania miaka ya 2010 na 2011, kabla watu hawajaanza kulitumia kwa kila kitu hadi kura. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, dizeli kodi kubwa, na wajanja wakachanganya. Serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili mchanganyiko ugundulike, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Kenya nayo iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa rudi kwenye lile neno nililokuambia ulishike. Nozeli inalainishwa na dizeli. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vizuri. Anayekuuzia dizeli iliyochanganywa anakufanyia kosa lile lile lililotokea Sweden, bila hiyo dawa ya kulainisha. Na dizeli ya kidumu cha barabarani, hata kama haikuchanganywa, mara nyingi ina maji na mchanga uliokuwamo kwenye kidumu.

Mazoea ya zamani yanayoua leo

Hapa nisome kwa makini, hata kama umeruka mengine yote.

Kwenye injini za zamani, fundi akitaka kujua nozeli ipi mbovu, hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja injini ikiwa inaunguruma. Akilegeza ya nzima, mlio unabadilika. Akilegeza ya mbovu, haubadiliki. Ni ujuzi mzuri, umerithiwa kwa fundi kutoka kwa fundi.

Kwenye injini ya komoni reli usikubali kabisa jambo hilo lifanyike. Dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi na kuingia nyamani. Kidonda huonekana kidogo kama mchomo wa sindano, lakini mkono unaweza kukatwa. Ikitokea kwako au kwa kijana wa gereji, ni dharura ya hospitali muda huo huo, hata kama hakuna maumivu bado.

Njia salama ipo na ni rahisi. Kila nozeli ina kijibomba cha kurudisha mafuta ya ziada. Injini ikiwa imezimwa, fundi anavifunga kwenye chupa ndogo zinazolingana, kisha anaiwasha kwa dakika chache bila kugusa mabomba ya presha. Chupa inayojaa kupita wenzake inaonyesha nozeli inayovuja. Mara nyingi utakuta ni moja au mbili, si zote nne. Kompyuta ya kupimia magari nayo itaonyesha presha ya reli na namna kila silinda inavyochangia.

Mambo mengine mawili. Nozeli nyingi za kisasa zina namba yake maalumu ya kuingizwa kwenye kompyuta ya gari. Ikifungwa bila namba hiyo, injini inaweza kugonga na kutoa moshi, ukadhani umeuziwa mbovu. Na washa ya shaba iliyo chini ya nozeli ibadilishwe kila nozeli inapotolewa. Washa iliyochoka huvujisha moshi na masizi, na masizi yakiingia kwenye oili huziba chujio lake na kuua injini nzima. Kuokoa washa moja ya bei ndogo ni kununua hasara.

Piga hesabu kwa lita

Mtu akikutajia bei ya nozeli, igeuze iwe lita za dizeli. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme gari jipya linakuokolea lita 2 kwa kila kilomita 100, na unatembea kilomita 300 kwa wiki. Unaokoa lita 6 kwa wiki, sawa na lita 312 kwa mwaka. Tuseme nozeli moja mpya bei yake ni sawa na lita 250. Zote nne ni lita 1,000. Umekula akiba ya zaidi ya miaka mitatu kwa siku moja ya gereji. Weka bei za kwenu na kilomita zako, utaona mwenyewe.

Hesabu hiyo inakufundisha mambo mawili. Kwanza, kama safari zako ni fupi, barabara ni ya vumbi na dizeli unayoipata ni ya kidumu, injini ya zamani ya pampu inaweza kukufaa zaidi ingawa inakula. Pili, kama tayari unayo ya kisasa, ulinzi wake ni rahisi sana ukilinganisha na tiba:

- Nunua dizeli kituo chenye wateja wengi, uchukue risiti. Usijaze tenki muda ule lori linaposhusha mafuta kituoni, uchafu wa chini unakuwa umetibuliwa.
- Toa maji kwenye chujio la dizeli mara kwa mara, hasa masika.
- Badilisha chujio kwa wakati, tena la ubora. Likikaa kwenye vumbi letu, usingoje kilomita za kitabuni.
- Usisubiri tenki likauke. Uchafu uko chini.
- Kagua oili kila wiki. Kiwango kikipanda chenyewe na oili ikanuka dizeli, zima gari, usiendeshe.
- Kabla ya kununua nozeli yoyote, dai kipimo kwanza, na uonyeshwe matokeo.

Mama wa nyanya

Tulipolishusha tenki la yule mama, chini tulikuta maji yenye rangi ya kutu na tope jembamba kama unga. Chujio halikuwa limebadilishwa tangu aliponunua gari. Zile nozeli nne alizouzia mahindi zilikuwa zimefungwa juu ya uchafu ule ule ulioua za kwanza. Zingekuwa mpya kutoka kiwandani, nazo zingekufa.

Tulisafisha tenki na mabomba, tukaweka chujio jipya, kisha fundi wa pampu akapima kwa chupa. Mbili zilikuwa zinavuja, mbili nzima. Alinunua mbili. Zile za awali alizoambiwa zote zimekufa hazikuwahi kupimwa, na hazikurudishwa mkononi mwake, kwa hiyo hatutajua kamwe kama alihitaji kuuza mahindi yale yote. Nawe ukibadilisha spea, dai ya zamani. Ni mali yako.

Gari linatembea. Mtaji wake bado haujarudi ulipokuwa. Mimi nilijifunza kutoshauri juu ya chombo nisichokijua historia yake, na kila nikimkuta sokoni ananiuliza kwa utani, "Bwana shamba, leo umetoa maji kwenye chujio?"

Wewe je, umetoa? Nenda ukatazame kabla hujapakia mzigo wa kesho. Nikutakie kazi njema na safari salama.